Mwongozo Kamili wa Nadharia ya Muziki: Kuanzia Pigo la Mguu Hadi Kodi na Sauti ya Pili

Karibu kila anayeimba au kupiga ala anaijua nadharia ya muziki kuliko anavyodhani. Mguu unaogonga sakafu wimbo unapopigwa umeshalijua pigo. Uso unaokunjamana mtu anapokosea sauti ni ushahidi kwamba sikio limeshaijua skeli, yaani ngazi ya sauti ambayo wimbo hupanda na kushuka juu yake. Kinachokosekana ni majina tu. Nimekaa na waimbaji muda mrefu, na naamini kinachowakimbiza wengi ni kukaririshwa majina kabla ya kukigusa kitu chenyewe. Kwa hiyo hapa tutakwenda kinyume: kwanza ufanye kwa mwili na kwa sauti, kisha ndipo upewe jina.

Tutatumia mstari mmoja tu niliouandaa kwa ajili ya somo hili, na kila hatua itauongezea kitu:

Leo tumefika, sote tu nyumbani.

Una vipande viwili, kila kimoja kina mizani 6. Ushike kichwani kabla hujaendelea.

Hatua ya 1: Tafuta pigo

Simama, kisha tembea papo hapo ulipo, polepole, kama mtu anayejizoeza gwaride. Kila mguu unapogusa sakafu tamka silabi moja: le, o, tu, me. Hapo mguu unapotua ndipo pigo lilipo. Pigo halikimbii wala halichelewi bila sababu, na linaendelea hata pale ambapo hakuna anayeimba.

Kasi ya mapigo huitwa tempo, nayo hupimwa kwa idadi ya mapigo katika dakika moja. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, umepata tempo ya wimbo wowote unaousikiliza. Pigo moja kila sekunde ni tempo ya 60. Gwaride la kawaida huwa karibu na 120. Metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo, ilipewa hataza na Johann Maelzel mwaka 1815, na leo programu ndogo ya simu inafanya kazi hiyohiyo.

Kwenye karatasi za muziki utakuta tempo imeandikwa kwa maneno ya Kiitaliano: largo kwa mwendo wa polepole sana, adagio kwa utulivu, andante, neno linalotokana na kutembea, allegro ambalo kwa asili lina maana ya uchangamfu, na presto kwa haraka kabisa. Namba zake sikushauri uzikariri. Shika tabia ya neno. Anayejua kwamba andante ni kutembea hatakimbia.

Hatua ya 2: Sikia pigo lipi ni zito

Sasa tembea tena, ila silabi "fi" na "mba" zivute, kila moja ichukue hatua mbili, na silabi ya mwisho ya kila kipande nayo ichukue mbili:

LE – o – tu – me | FI – i – ka – a | SO – te – tu – nyu | MBA – a – ni – i

Utaona mapigo yamejigawa katika mafungu ya manne manne, na la kwanza la kila fungu ni zito kuliko mengine. Fungu hilo ndilo kipimo, na kile kistari cha wima kinachotenganisha mafungu ni mpaka wa kipimo.

Hapa Kiswahili kinatupa zawadi ambayo watunzi wengi wanaipuuza. Maneno yetu kwa kawaida hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: tumeFIka, nyuMBAni. Tazama mstari wetu: silabi zenye mkazo, yaani le, fi, so na mba, zote zimekaa kwenye pigo la kwanza la kipimo. Ndiyo maana hauchoshi ulimi. Sasa jaribu kuuharibu makusudi. Imba "nyumbaNI", pigo zito liangukie silabi ya mwisho. Neno limevunjika, sivyo? Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa kutoka lugha nyingine zina jeraha hili, kwa sababu melodi ilipimwa kwa maneno ya watu wengine, kisha Kiswahili kikalazimishwa kuingia humo. Ukitunga au ukitafsiri, anza na mkazo wa neno.

Na neno likianza na silabi isiyo na mkazo? Chukua "karibu". Mkazo uko kwenye "ri". Basi "ka" itangulie kabla ya mpaka, kwenye pigo la mwisho la kipimo kilichopita, na "ri" ndiyo itue kwenye pigo zito. Noti, yaani sauti moja ya wimbo, inayotangulia hivyo huitwa noti ya kudokeza. Nyimbo nyingi sana huanza hivyo, na ndiyo sababu mwanafunzi akianza kuhesabu "moja" kwenye silabi ya kwanza kabisa ya wimbo hujikuta hesabu yote imepinda.

Idadi ya mapigo katika kipimo huandikwa mwanzoni kwa namba mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ya juu inasema mapigo ni mangapi, ya chini inasema ni noti ya aina gani inayohesabiwa kuwa pigo moja. Mstari wetu ni 4/4: mapigo manne, kila pigo robo noti. Kuna 2/4 ya gwaride, kuna 3/4 ambayo hubembea moja-mbili-tatu, na kuna 6/8.

Hii 6/8 inastahili tukae nayo kidogo, maana wengi huichanganya na 3/4. Zote zina noti ndogo 6 katika kipimo. Tofauti ni jinsi zinavyofungwa. Katika 3/4 unazifunga mbilimbili: MOJA na MBILI na TATU na. Katika 6/8 unazifunga tatutatu: MOJA mbili tatu NNE tano sita. Mwili unahisi mapigo makubwa matatu katika ya kwanza, mawili katika ya pili.

Ukitaka kuisikia tofauti hiyo ndani ya mwili mmoja, kaa chini na weka mikono juu ya mapaja. Hesabu polepole hadi 6, kisha rudia bila kukatisha. Mkono wa kulia ugonge kwenye 1, 3 na 5. Mkono wa kushoto ugonge kwenye 1 na 4. Mwanzoni utasikia vipande vipande: pamoja, kulia, kushoto, kulia. Usiongeze kasi. Baada ya dakika chache mikono itaacha kupigana na utasikia mdundo mmoja ulioshonwa kwa tatu na mbili kwa wakati mmoja. Midundo mingi ya ngoma za Afrika imejengwa juu ya mshono huu. Ukiweza kuimba kitu chochote juu yake bila mikono kuyumba, umeshafika mbali kuliko wengi wanaosoma noti vizuri.

Hatua ya 3: Pima urefu wa kila noti

Pigo ni la mguu. Mdundo ni wa mdomo. Mguu unakwenda sawasawa, lakini mdomo unafupisha hapa na kurefusha pale. Huo mpangilio wa mafupi na marefu juu ya pigo ndio mdundo.

Urefu hutajwa kwa sehemu: noti nzima huchukua mapigo 4, nusu noti mapigo 2, robo noti pigo 1, na noti ya thumni nusu ya pigo. Katika mstari wetu "le, o, tu, me" ni robo noti nne, na "fi" na "ka" ni nusu noti mbili. Kipande cha pili kinarudia mpangilio huohuo. Jumla ni mapigo 16. Kwa tempo ya 80 utauimba kwa sekunde 12.

Nukta ikiwekwa pembeni mwa noti huiongezea nusu ya urefu wake, kwa hiyo nusu noti yenye nukta ni mapigo 3. Kila noti pia ina pumziko lake, alama ya kunyamaza kwa urefu uleule. Pumziko huhesabiwa kama noti. Kikundi cha waimbaji kinachonyamaza pamoja kwa pigo moja kamili kinasikika kimejiandaa hata kabla hakijafungua kinywa tena.

Hatua ya 4: Panda na ushuke

Mpaka hapa tumetamka tu. Sasa tuingize kimo cha sauti, yaani ujuu na uchini wake. Sauti ni mtetemo, na kadiri mitetemo kwa sekunde inavyoongezeka ndivyo sauti inavyopanda. Kipimo chake ni hezi. Noti iitwayo A, ambayo wapiga ala huitumia kupatanisha vyombo, ina hezi 440. Kiwango hicho kilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939, na baadaye shirika la viwango la ISO likakiingiza katika viwango vyake.

Ukizidisha 440 kwa 2 unapata 880, nayo pia huitwa A. Ukigawa kwa 2 unapata 220, nayo pia ni A. Umbali huo kati ya sauti na pacha wake wa juu au wa chini ni oktavo. Mwanamume na mwanamke wanaposema wanaimba "sauti moja", mara nyingi wako oktavo moja mbali, na sikio linakubali bila swali.

Ndani ya oktavo moja, kinanda kina noti 12 zilizopishana kwa umbali unaolingana. Umbali huo mdogo kabisa ni nusu hatua. Mbili zikiunganishwa ni hatua nzima. Tazama kinanda: vibonyezo vyeusi vimekaa viwiliviwili na vitatuvitatu. Cheupe kilicho kushoto tu mwa viwili vyeusi ni C, kisha unaendelea D, E, F, G, A, B, na kurudi C. Kati ya E na F hakuna cheusi, wala kati ya B na C. Hapo wamepishana kwa nusu hatua tu. Cheusi kilicho kati ya C na D kina majina mawili: C shapu ukikifikiria kama C iliyopandishwa, D flati ukikifikiria kama D iliyoshushwa. Piano kamili ina vibonyezo 88, lakini ukishaijua oktavo moja umeijua yote.

Hatua ya 5: Jenga skeli na umtafute do

Anza C, bonyeza vyeupe tu hadi C ya juu. Umepiga skeli meja. Kinachoifanya iwe meja ni mpangilio wa hatua: nzima, nzima, nusu, nzima, nzima, nzima, nusu. Popote utakapoanzia, ukifuata mpangilio huo utapata skeli meja. Ukianza G itakubidi ubonyeze F shapu badala ya F, la sivyo hatua ya mwisho itakosea. Ukianza F itakubidi utumie B flati. Usikariri hilo, lijaribu kwa kidole, ulisikie likikosea, kisha ulirekebishe.

Waimbaji hutumia solfa: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Chanzo chake ni mtawa wa Italia wa karne ya 11, Guido wa Arezzo, aliyechukua silabi za mwanzo za mistari sita ya wimbo wa Kilatini ambao kila mstari wake ulianzia sauti ya juu kidogo kuliko uliotangulia: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye "ut" ikawa "do", ikaongezwa "si". Katika karne ya 19 mwalimu Sarah Glover wa Uingereza akaibadili "si" kuwa "ti" ili kila silabi ianze na herufi yake, na John Curwen akaueneza mfumo huo wa kuandika nyimbo kwa herufi tupu. Kwao do huhama: do ni noti yoyote uliyoifanya nyumbani. Ukisoma kitabu kutoka Ufaransa au Italia, jihadhari, kwani huko do ni C daima.

Noti unayoifanya do ndiyo inayotaja kii. Ukisema "kii ya G", umesema do ni G.

Niliwahi kuulizwa na mwimbaji mmoja kijana, "Mwalimu, nitajuaje kwamba nimefika do kama sina kinanda?" Nikamwambia apande skeli, ila asimame kwenye ti na aishike mpaka nimruhusu. Akapanda: do, re, mi, fa, so, la, ti. Akaishika. Sekunde ya pili mabega yakapanda. Sekunde ya tatu akaanza kutabasamu kwa tabu, na kabla sijanyanyua mkono sauti yake ikateleza yenyewe juu, ikaingia do, naye akashusha pumzi. Sikuwa na la kuongeza. Ti iko nusu hatua tu chini ya do na inavutwa nayo. Noti inayokushushia pumzi ndiyo do.

Sasa mstari wetu upate melodi. Melodi ni mfuatano wa vimo vya sauti juu ya mdundo:

Le (do) o (do) tu (re) me (mi) | fi (so) ka (mi) | so (fa) te (mi) tu (re) nyu (ti ya chini) | mba (do) ni (do)

Uimbe mara kumi. Angalia jinsi "tumefika" inavyopanda hadi kilele kwenye so, na "nyu" inavyoshuka hadi ti, chini ya mlango, kisha "mbani" inaingia do.

Skeli nyingine mbili uzijue mapema. Ukianzia la na kuifanya hiyo nyumbani, la ti do re mi fa so la, umepata skeli maina ya asili, yenye huzuni au uzito fulani. Kila meja ina maina mwenzake kwa njia hiyo. C meja na A maina hutumia vibonyezo vilevile. Na ukitoa fa na ti kwenye meja zinabaki tano: do, re, mi, so, la. Skeli hii ya noti tano haina nusu hatua hata moja, kwa hiyo noti zake zinaelewana ukizichanganya namna yoyote. Anayeanza kubuni melodi aanzie hapo.

Hatua ya 6: Umbali kati ya noti mbili

Huu hauna mengi. Hesabu noti ya kuanzia na ya kumalizia zote mbili: do hadi mi ni ya tatu (do, re, mi), do hadi so ni ya tano. Ya tatu ni za aina mbili. Do hadi mi ni nusu hatua 4, ya tatu kubwa; re hadi fa ni nusu hatua 3, ya tatu ndogo. Tofauti hiyo ya nusu hatua moja ndiyo inayotenganisha meja na maina, kwa hiyo ifanyie zoezi kuliko nyingine zote.

Ya tano inasikika imetulia kwa sababu ya hesabu yake: mitetemo ya noti ya juu na ya chini iko kwa uwiano wa 3 kwa 2. Ya tano juu ya hezi 440 ingekuwa 660. Kinanda cha leo hutoa karibu 659.3, kwa sababu oktavo yake imegawanywa sehemu 12 zinazolingana ili kii zote zipigike. Tofauti ni ndogo, lakini waimbaji wazuri wasio na ala huielekea ile 660 wenyewe, bila kuambiwa. Kinyume chake ni fa na ti kwa pamoja, nusu hatua 6: sikio halitulii hadi fa ishuke mi na ti ipande do.

Hatua ya 7: Kodi

Noti tatu au zaidi zikipigwa pamoja ni kodi. Ya msingi hujengwa kwa kuruka noti moja moja: chukua do, ruka re, chukua mi, ruka fa, chukua so. Do-mi-so ni kodi ya kwanza. Fa-la-do ni kodi ya nne. So-ti-re ni kodi ya tano. Hizi tatu ni meja na zinatosha kusindikiza idadi kubwa ya nyimbo. Katika kii ya C ni C, F na G. Katika kii ya D ni D, G na A. Kodi za pili, tatu na sita ni maina.

Kusindikiza melodi, uliza swali moja kwenye kila pigo zito: noti hii inakaa ndani ya kodi ipi? Mstari wetu kwenye kii ya C: kipimo cha kwanza do inakaa kwenye C, cha pili so na mi zinakaa kwenye C, cha tatu kinaanza na fa, basi F kwa mapigo mawili, kisha re na ti zinadai G kwa mawili yaliyobaki, cha nne C. "Mi" ya kipimo cha tatu haimo ndani ya F, lakini inapita tu njiani kati ya fa na re kwenye pigo jepesi, kwa hiyo haidhuru. Ukitaka kivuli kidogo, kwenye "ka" ya "tumefika" weka A maina (la-do-mi) badala ya C. Mi imo ndani ya zote mbili. Sikiliza jinsi neno lilelile linavyobadilika hisia.

Mfuatano wa kodi unaofunga sentensi ya muziki ni kituo, kama kituo cha ubeti. Kodi ya tano kwenda ya kwanza ni nukta kamili, ti ikiingia do. Ya nne kwenda ya kwanza ni ule mwisho mpole wa "Amina" ya waimbaji wa kanisani. Ukiishia kwenye ya tano umeweka mkato, msikilizaji anasubiri uendelee. Asiyejua vituo hupiga kodi zote sahihi na bado wimbo wake haupumui.

Kuhamisha kii sasa ni rahisi. Mwimbaji akishindwa kufika juu kwenye kii ya G, shusha kila kitu kwa nusu hatua 2: G inakuwa F, C inakuwa B flati, D inakuwa C. Ukiwa umezoea kutaja kodi kwa namba, ya kwanza, ya nne, ya tano, hutahitaji hata kufikiri.

Hatua ya 8: Ongeza sauti ya pili

Kuimba pamoja noti tofauti zinazopatana ndiko hamoni. Mtu akiachwa atafute sauti ya pili kwa sikio, mara nyingi hushuka ya tatu chini ya melodi na kuifuata. Inafanya kazi hadi inapogoma. Chini ya do, ya tatu ni la, na la haimo ndani ya kodi ya kwanza. Sauti ya pili ikiganda hapo mwishoni, nyumba nzima inageuka maina na hakuna anayejua kwa nini. Dawa ni kushuka hadi so. Kwa mstari wetu sauti ya pili iwe hivi, yote chini ya melodi:

so so ti do | mi do | do do ti so | so so

Besi, sauti ya chini kabisa, iimbe mzizi wa kila kodi, yaani noti ambayo kodi imejengwa juu yake: do, do, fa, so, do. Mwite rafiki mmoja tu mjaribu. Muwe na subira. Mara ya kwanza mmoja atavutwa na mwenzake.

Jinsi sauti zinavyosukwa pamoja huitwa msuko. Kuna melodi tupu ya watu wote, kuna melodi moja inayosindikizwa na kodi, kuna sauti nne za kwaya kuanzia ya juu hadi ya chini, yaani soprano, alto, tena na besi, zinazotembea pamoja silabi kwa silabi, kuna kupokezana kwa kiongozi na waitikiaji, na kuna sauti kadhaa ambazo kila moja ina melodi yake. Wimbo unaobadili msuko mara moja, kwa mfano ubeti wa pili uimbwe na mtu mmoja, hupata uhai mpya bila kuongeza noti hata moja.

Hatua ya 9: Nguvu, rangi na umbo

Nguvu ya sauti huandikwa kwa herufi: p ni piano, kwa upole, f ni forte, kwa nguvu, mp na mf ni za katikati, pp na ff ni za ukingoni. Krishendo ni kuongeza taratibu, diminuendo ni kupunguza. Ala ya piano ilipata jina lake hapo: mnamo mwaka 1700 Bartolomeo Cristofori wa Italia alitengeneza kinanda kilichoweza kupiga kwa upole na kwa nguvu kulingana na kidole, jambo ambalo vinanda vya nyuzi vya kudonoa havikuliweza.

Rangi ya sauti ndiyo inayokuwezesha kutofautisha filimbi na gitaa hata zikipiga noti ileile. Uzi unaotetemeka kwa hezi 110 hutetemeka pia, kwa nguvu ndogo, kwa 220, 330, 440 na kuendelea. Uwiano wa nguvu za hizo sauti za juu ndio rangi. Mwimbaji hubadili rangi kwa umbo la kinywa: imba noti moja ukitoka "u" kwenda "i" usikie.

Umbo ni mpangilio wa sehemu za wimbo: ubeti, kiitikio, pengine daraja linalopita kati. Yape herufi unaposikiliza. A B A B C B ni ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, daraja, kiitikio.

Hatua ya 10: Andika ulichokiimba

Kwa solfa, mstari wetu ni huu:

d :d |r :m | s :– |m :– | f :m |r :t₁ | d :– |d :– ‖

Nukta pacha hutangulia pigo jepesi, kistari cha mlalo ni kuendelea kushika, na t₁ ni ti ya oktavo ya chini.

Kwa mistari mitano, kila mstari na kila nafasi ni noti. Ufunguo ni alama ya mwanzoni inayoonyesha noti ipi inakaa wapi. Ufunguo wa G hujizungusha kwenye mstari wa pili kutoka chini, na hapo ndipo G ilipo. Mistari yake kutoka chini ni E, G, B, D, F, na nafasi ni F, A, C, E. Ufunguo wa F ni wa sauti za chini, mistari yake G, B, D, F, A. C ya kati hukaa kwenye kamstari kadogo kati ya hizo mbili, chini ya ule wa G na juu ya ule wa F.

Shapu au flati zinazoandikwa mwanzoni hutaja kii. Shapu ya mwisho kulia ni ti, panda nusu hatua upate do: shapu mbili ni F na C, basi do ni D. Flati zikiwa mbili au zaidi, ya pili kutoka mwisho ndiyo do yenyewe. Ikiwa moja, do ni F.

Andika mstari wetu kwenye C, kisha uuhamishe hadi D. Ukimaliza, futa maneno yangu uweke yako: vipande viwili, mizani 6 kwa 6, silabi ya 1 na ya 5 ya kila kipande zikiwa zile zenye mkazo. Uimbe ukiwa unatembea, na pale mguu na neno vinapogombana, badili neno.